Kununua kipima mwanga cha mtumba kwa picha za usiku: mwongozo kwa wapiga picha wa Arusha na Moshi

Kama kamera yako ni ya dijitali, okoa pesa yako. Pandisha ISO (namba ya wepesi wa kamera au filamu kupokea mwanga) hadi 6400, piga kwa sekunde 1, angalia skrini. Ikitoka vizuri, basi kwa ISO 100 na tundu lilelile la lenzi utahitaji sekunde 64. Hakuna kipima mwanga cha mtumba kitakachokupa jibu la uhakika kuliko hilo.

Mwongozo huu ni wa wale waliorudi kwenye filamu. Kuna mwenye Zenit-E ya babu yake ambayo kipima chake kimeshakufa, kuna mwenye Yashica-Mat aliyoikuta kwenye sanduku la familia, na kuna mwenye Pentax K1000 ambaye ameona mshale wa ndani ya kamera ukilala kabisa kila anapoziacha taa za Sokoine Road na kukata kona kuingia mtaani. Hao wanahitaji kifaa cha mkononi, na kifaa kipya ni ghali. Cha mtumba kinapatikana kwa bei ya kawaida, ila vingi vinavyouzwa ni vya mchana tu, na muuzaji wala hakudanganyi anaposema kinafanya kazi. Kinafanya, lakini juani.

Hatua ya kwanza: lijue giza unalolipiga

Usianze na jina la kifaa, anza na EV, yaani namba ya kiwango cha mwanga. EV 0 ni mwanga unaohitaji sekunde 1 kwa tundu la f/1 ukiwa na ISO 100 (namba ya f ikikua, tundu la lenzi linapungua). Kila namba ikipanda moja, mwanga umekuwa mara mbili. Ikishuka moja, umebaki nusu. Ukiwa kwenye f/8, EV 4 ni sekunde 4 na EV 0 ni sekunde 64. Hesabu yote ya usiku inatoka hapo.

Barabara yenye taa nyingi na maduka yaliyo wazi huwa EV 7 au 8. Jengo au mnara uliomulikwa kwa taa maalumu, EV 3 hadi 5. Uso wa kijana wa chipsi aliyesimama nyuma ya kabati lake la kioo lenye taa ndani unacheza kwenye 5 au 6, lakini mteja anayesubiri hatua mbili nyuma yake ameshashuka hadi 3. Uchochoro wenye balbu moja ya mlangoni ni EV 1, 0, au chini yake. Mandhari ya wazi chini ya mwezi mpevu uliopanda juu ni kati ya EV -3 na -2.

Hapa wengi hutupa pesa. Wanatafuta kifaa cha bei mbaya chenye uwezo wa kusoma mbalamwezi, wakati mbalamwezi haihitaji kipima. Mwezi mpevu ukiwa juu na anga safi hutoa mwanga uleule Moshi, Machame au Longido. Kwa filamu ya ISO 400 na f/4, anza na sekunde 30 kabla ya kuongeza muda wa filamu yenyewe (nitalieleza hilo mwishoni). Kumbuka tu kwamba mwezi nusu hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Unatoa kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo muda unaongezeka zaidi ya mara nane.

Kipima unakihitaji kwa mambo yasiyotabirika: taa za barabarani zilizochanganyika na za bajaji, jiko la mkaa, taa ya duka linalokaribia kufungwa, na magharibi. Magharibi yetu ni fupi. Huku karibu na ikweta jua hushuka wimawima, na kutoka linapozama hadi giza la kuhitaji taa ni dakika 20 na ushee. Ukitaka Meru iwe bado na rangi nyuma yake huku taa za mji zimeshawaka, mwanga unabadilika wakati unafungua miguu ya stendi ya kamera. Soma, piga, soma tena.

Kwa hiyo kwa usiku wa mjini tafuta kifaa kinachofika angalau EV 0, na kama bei inaruhusu, EV -2. Kinachofika -4 ni bahati njema. Zaidi ya hapo unalipia namba.

Kuna mtego mmoja kwenye namba hizo. Kiwango cha chini kisomwe kwa ISO 100. Muuzaji anaweza kukwambia kifaa kina ISO hadi 6400 au zaidi, ukadhani kinaona gizani. Kuzungusha ISO kunabadilisha hesabu tu, jicho la kifaa linabaki lilelile. Kama kinakoma EV 4, kitakoma kwenye giza hilohilo hata ukikiwekea ISO gani.

Hatua ya pili: angalia kinaona kwa kutumia nini

Kuna aina tatu utakazokutana nazo sokoni.

Ya kwanza ni seleniamu. Utaitambua kwa dirisha pana lenye vijivimbe vilivyopangwa kama sega la nyuki, au kwa kuba nyeupe kubwa, na haina mahali pa betri. Weston Master ni za namna hii, na Sekonic L-398 pia. Ni vifaa vizuri, vya kudumu, na mtu wa harusi za mchana atavipenda. L-398 inaanzia EV 4. Kwa usiku achana nazo, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Ya pili ni CdS, inayotumia kadimiamu salfaidi na betri. Hizi zinaona gizani kweli. Gossen Lunasix 3 ya Ujerumani, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Luna-Pro, inashuka hadi EV -4, na kwa bei yake ya mtumba sijaona cha kushindana nayo. Ina kasoro mbili. Betri yake haitengenezwi tena, na jicho lake lina kumbukumbu: likipigwa na mwanga mkali, litasoma juu ya ukweli kwa dakika kadhaa. Taa za pikipiki zikikumulika huku umeishika wazi, usiamini namba inayofuata. Ifunike kwa kiganja, subiri, kisha soma mara mbili mpaka majibu yafanane.

Ya tatu ni silikoni. Haina kumbukumbu, inajibu papo hapo, na betri zake ziko dukani. Gossen Profisix, yaani Luna-Pro SBC, ina mshale, inatumia betri ya volti 9 na inashuka hadi EV -8. Minolta Auto Meter IVF ina namba za skrini, inatumia betri moja ya AA na inafika EV -2. Sekonic L-358 nayo inafika -2, ila inataka betri ya CR123A. Sekonic L-308S ni ndogo, ya AA moja, inaishia EV 0.

Ningechagua hivi: Minolta IVF kwa anayepiga watu na mitaa, kwa sababu betri ya AA unaipata hata duka la mtaani saa tatu usiku. Profisix kwa anayependa mandhari na stendi, ingawa ni bonge la kifaa na halikai mfuko wa shati. Lunasix 3 kama pesa ni kidogo kweli na uko tayari kuhangaika na betri. L-308S ichukue ukiipata karibu nawe kwa bei nzuri, ukijua kwamba vichochoroni itakuacha.

Vile vya kuchungulia kama darubini, vinavyosoma doa la nyuzi 1 tu, kama Pentax Digital Spotmeter na Minolta Spotmeter F, vinasifiwa sana. Vyote viwili vinaishia EV 1, na bei yake iko juu. Si vya kuanzia.

Programu za simu? Mchana zinatosha kabisa, na nakushauri uwe nayo. Usiku zinategemea kamera ya simu, na ile kamera ina ukomo wake. Giza likizidi inaendelea kukupa namba bila kukwambia kwamba imeshashindwa, na hilo ndilo tatizo langu nazo.

Hatua ya tatu: hesabu betri kabla ya bei

Lunasix 3 ilitengenezwa kwa betri mbili za zebaki za PX625, kila moja volti 1.35. Betri za zebaki zimepigwa marufuku karibu kote. Ukitia mbili za kawaida za LR44 zenye volti 1.5, kifaa kitapata umeme mwingi kuliko kilivyozoea, mshale utapanda, kitakwambia kuna mwanga kuliko uliopo, na picha zitatoka giza. Ubaya zaidi, LR44 hushuka volti taratibu kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa lenyewe halitulii mahali pamoja.

Njia ziko tatu. Kuna vibebeo vya betri vinavyoshusha volti, unaweka betri ya SR44 ndani yake. Hizo ni volti 1.55 na hazibadilikibadiliki. Vibebeo vinaagizwa nje na bei yake uiongeze kwenye bei ya kifaa. Njia ya pili ni betri za vifaa vya usikivu, saizi 675, volti 1.4, zinazofanya kazi kwa hewa. Ukishabandua stika yake zinaanza kuisha hata kama hutumii, hivyo hazikai muda mrefu. Ya tatu ni fundi redio. Mpe kifaa, mweleze unataka kushusha volti kidogo kwa dayodi ya Schottky, na awe na multimita ya kuthibitisha. Fundi mzuri hatashangaa, na gharama itakuwa ndogo kuliko kibebeo.

Betri hizi ndogo za LR44 na SR44 mafundi saa wengi wanazo, lakini soma maandishi mgongoni mwa betri. LR na SR zinalingana umbo na mara nyingi huchanganywa kwenye kopo moja.

Hatua ya nne: kutafuta, na kuongea na muuzaji

Njia mbili zina mafanikio. Moja ni kuagiza kutoka nje kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, hasa Japani, ambao huandika kasoro bila kuficha. Jumlisha usafirishaji na ushuru wa forodha kabla ya kusema ni rahisi. Kifaa cha bei ndogo kinaweza kukufikia posta kikiwa mara mbili yake.

Nyingine ni kuuliza hapahapa. Miji hii yote miwili ilikuwa na studio za picha zamani za filamu, na wazee waliokuwa wakizifanyia kazi wengine bado wapo, na droo zao hazijaguswa. Usiingie na bei mdomoni. Salamu kwanza, "Shikamoo mzee," kisha habari za kazi, kisha picha zilizotundikwa ukutani. Mwambie unajifunza filamu. Kipima mwanga kitatoka chenyewe, na huenda kikatoka na somo la bure juu yake. Mara nyingi kitakuwa cha seleniamu. Shukuru, usikinunue kwa aibu.

Kwa muuzaji wa mtandaoni, omba video. Ujumbe kama huu unatosha:

"Kaka, habari za kazi. Naomba video fupi: fungua sehemu ya betri nione vyuma vyake, bonyeza kitufe cha kupimia betri, halafu elekeza dirishani, funika jicho kwa kiganja, fungua tena. Na uisogeze ile kuba nyeupe kushoto na kulia. Ahsante."

Kwenye video hiyo unatafuta mambo machache. Ukoko wa kijani au mweupe kwenye vyuma vya betri ni betri iliyovuja. Kidogo kinasafishika kwa siki na kijiti cha pamba, kingi kimeshaingia kwenye nyaya. Mshale upande kwa ulaini, usikwame katikati na kuruka. Kwenye skrini ya namba, tafuta vipande vilivyofifia: 8 inayoonekana 6 itakuponza usiku. Kuba iwepo na isiwe imegeuka njano. Kipima bila kuba hakiwezi kusoma mwanga unaomwangukia mtu, na kuipata kuba peke yake ni kazi.

Muuzaji akisema hana betri ya kujaribia, bei ni ya kifaa kibovu.

Hatua ya tano: jaribio la balbu

Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote, na halihitaji kifaa kingine. Mwanga wa balbu moja tupu hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mara mbili ya umbali, mwanga unabaki robo, yaani EV 2 chini. Kipima kizima lazima kifuate hesabu hiyo kutoka juu hadi chini.

Fanya nje, uani, usiku wa giza bila mwezi. Ndani ya chumba chenye kuta nyeupe mwanga hurudi kutoka ukutani na kuharibu hesabu. Tumia balbu ya LED ya wati 9, isiyo na kifuniko cha taa, iliyotundikwa usawa wa kifua. Balbu ya waya wa zamani usitumie, maana umeme ukishuka kidogo nayo inafifia, na umeme wetu unaujua. Iache iwake dakika chache itulie. Kisha chukua futi ya fundi, weka alama chini kwenye sentimita 50, mita 1, mita 2, mita 4 na mita 8.

Weka kuba nyeupe mbele ya jicho, ISO 100, simama kwenye kila alama ukielekeza kuba kwenye balbu. Usijizibe na mwili wako, na mwambie jirani azime taa ya baraza kwa dakika kumi. Kwa balbu hiyo, mita 1 itakupa karibu EV 5. Isipofika 5 kamili si neno, balbu hutofautiana. Unachoangalia ni hatua. Kama mita 1 ni 5, basi sentimita 50 iwe 7, mita 2 iwe 3, mita 4 iwe 1, mita 8 iwe -1.

Kikipishana na hesabu kwa nusu EV au chini ya hapo, kichukue. Kikipishana kwa kiasi kilekile kila mahali ukilinganisha na kamera ya dijitali ya rafiki, pia kichukue, kosa hilo unalirekebisha kwa kubadilisha ISO. Kile cha kukikataa ni kinachofuata vizuri kwenye 7, 5 na 3, halafu kwenye mita 4 kinasema 2 na kwenye mita 8 kinasema 1.5. Mchana hutaona kasoro yoyote. Usiku kitakudanganya kila siku, na kwa viwango tofauti. Vipima vya CdS vilivyochoka na vile vilivyotiwa betri isiyo yake ndivyo hufanya hivi mara nyingi.

Jaribio la juani ni la nyongeza tu. Saa sita mchana, anga safi, kuba ielekezwe kwenye jua: ISO 100, f/16, kitoe kama 1/100 au 1/125 ya sekunde.

Hatua ya sita: kukitumia mtaani

Kuna kusoma kwa kuba, pale alipo mtu, kuba ikielekea kamera. Kuna kusoma bila kuba, ukielekeza jicho kwenye kitu chenyewe. Usiku tumia kuba kila unapoweza kufika kwenye kitu. Ukisoma bila kuba barabara nyeusi yenye taa tatu, taa zitalivuta jibu juu na barabara itapotea, au lami italivuta chini na taa zitakuwa mabonge meupe.

Mfano wa kijana wa chipsi: omba ruhusa, weka kuba karibu na shavu lake upande wa kabati. Kikitoa EV 5 kwa ISO 100, na filamu yako ni ISO 400, una f/2.8 kwa 1/15 ya sekunde. Hapo ni kumsubiri asimame ageuze mayai, maana kwa 1/15 mkono unaokoroga utatoka kama moshi. Mimi naupenda ule moshi.

Kwa kitu usichoweza kukifikia, kama mnara wa Mwenge ng'ambo ya magari, soma bila kuba ukijaza jicho na sehemu iliyomulikwa. Ukuta ukiwa mweupe, ongeza muda mara mbili, kwa sababu kifaa kinadhani kila kitu ni kijivu cha kati.

Na giza likipita uwezo wa kifaa kuna ujanja wa karatasi. Weka karatasi nyeupe safi mahali pa kitu, isome bila kuba kwa karibu bila kuitia kivuli, halafu zidisha muda kwa 5. Karatasi hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga wakati kijivu cha kati ni 18. Umepata zaidi ya EV 2 za bure kwenye kifaa kilekile.

Usiku wa Juni na Julai Arusha baridi hulegeza betri. Kaa na kifaa mfuko wa ndani wa koti. Na popote penye walinzi, benki au kambi, uliza kabla ya kufungua stendi. Kijana anayetembea gizani akielekeza kidude kwenye madirisha ataeleza mpaka asubuhi.

Hatua ya saba: bandika muda wa filamu mgongoni

Kipima kikishatoa jibu la zaidi ya sekunde 1, filamu haifuati tena. Kadiri inavyokaa wazi ndivyo inavyozidi kuwa nzito kupokea mwanga, na kila filamu ina kiwango chake. Kwa filamu ya HP5 Plus, watengenezaji wake Ilford wanasema chukua sekunde zilizopimwa, ziinue kwa kipeo cha 1.31. Usifanye hesabu hiyo gizani. Kata kipande cha selotepu ya karatasi, andika kwa kalamu ya wino mzito, bandika mgongoni mwa kifaa: 4 ni 6, 10 ni 20, 30 ni 86, 60 ni 213. Zile sekunde 30 za mbalamwezi nilizotaja juu, kwa HP5 ni kama dakika moja na nusu. FP4 Plus kipeo chake ni 1.26, nayo iandikie kipande chake. Ukipata Acros II ya Fujifilm huhitaji kuandika chochote mpaka sekunde 120.